Si kila kilichotulia ni kivivu: niliyojifunza nikihariri maneno ya Kiingereza ya kutotenda

Kazi yangu ni kuhariri tafsiri. Mwenzangu hutafsiri kutoka Kiingereza, mimi hupokea rasimu na kuisoma sambamba na matini asilia, mstari kwa mstari. Watu hudhani ugumu wa kazi hii uko kwenye istilahi ndefu za kitaalamu. Sivyo. Istilahi ndefu humsimamisha mfasiri, akatafuta, akauliza. Yanayoleta maafa ni yale maneno mafupi ambayo kila aliyepita darasani anaamini anayajua: "idle", "inactive", "passive", "dormant", "inert", "lethargic". Yote yanahusu kutotenda, na orodha nyingi za msamiati huyarundika kwenye fungu moja: -vivu, -zembe, -legevu.

Kitabu cha mafunzo kwa wahudumu wa afya ndicho kilichonilazimisha kuyachambua moja baada ya jingine. Kilikuwa kitabu kinene chenye sura za watoto wagonjwa, saratani, dawa, mazoezi ya mwili, na mwishoni sura ya afya na ajira. Mfasiri alikuwa mtu makini, lakini alikabidhiwa faharasa, yaani orodha ya maneno na tafsiri zake, iliyotayarishwa na mwenye kazi na kuagizwa asitoke nje yake. Katika faharasa ile maneno ya kutotenda yalikuwa yamepewa tafsiri moja au mbili tu, kana kwamba Kiingereza kiliyaweka yote kwa ajili ya mapambo.

Sura ya kwanza ilikuwa ya watoto. Wanaofanya kazi ya afya wanaujua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kumhudumia mtoto mgonjwa wa chini ya miaka 5. Unaanza na dalili za jumla za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au ni "lethargic" au hana fahamu. Ikionekana hata moja, mtoto apelekwe hospitali haraka. Kwenye rasimu, dalili hiyo ya mwisho iliandikwa: "mtoto ni mvivu au amepoteza fahamu."

Niliweka kalamu chini. Nilipata hofu kabla ya hasira. Nilimfikiria mama anayeulizwa, "Mtoto wako ni mvivu?" Atajibu hapana, maana mtoto wake si mvivu, jana alikuwa anacheza. Na kwa jibu hilo, mtoto ambaye angepelekwa hospitali atarudishwa nyumbani. Mwongozo wenyewe unaeleza maana ya neno hilo: mtoto hayuko macho na mchangamfu wakati anapopaswa kuwa hivyo, amezidiwa na usingizi, hajali kinachotokea karibu yake, mara nyingi hamtazami mama yake wala hafuatilii uso wa anayezungumza naye. Hakuna tabia hapo, kuna mwili unaozimika. Niliandika: "mtoto amelegea, anasinzia isivyo kawaida, hajali kinachoendelea karibu yake." Ni maneno mengi kuliko moja la Kiingereza, na sijutii hata silabi.

Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeanza kazi hii: katika matini ya tiba, andika kile jicho linachokiona kwa mgonjwa. Usitafute kivumishi kimoja cha kulipa kivumishi kimoja.

Baada ya ukurasa ule sikuweza tena kuiamini faharasa. Nilirudi mwanzo na kutia alama kila neno la kutotenda kitabu kizima. Hili lina gharama na ni vyema nilitaje. Mhariri hulipwa kwa ukurasa, na malipo hayo yanadhani kwamba unasahihisha, hufasiri upya. Niliomba malipo ya ziada, nikaambiwa bajeti imefungwa. Niliendelea kwa sababu ya yule mama, lakini usiku ule uliniuma, na ulichelewesha kazi nyingine niliyokuwa nimeahidi. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei, omba faharasa uione. Ukikuta maneno matano ya Kiingereza yameelekezwa kwenye neno moja la Kiswahili, jua kazi ni kubwa kuliko ulivyoambiwa, na useme hivyo kabla hujaanza.

Sura ya saratani ilikuwa na "indolent lymphoma". Katika mazungumzo ya kawaida "indolent" ni mtu apendaye raha na kuchukia jasho. Ila mzizi wake ni wa Kilatini, "in" ya kukanusha na "dolere", kuumwa: kisichouma. Waganga walilitumia hivyo kwa vidonda na vivimbe visivyo na maumivu, na leo wataalamu wa saratani hulitumia kwa ugonjwa unaokua polepole sana, kiasi kwamba wakati mwingine daktari humfuatilia mgonjwa kwa muda mrefu bila kuanza dawa. Rasimu ilisema "limfoma ya kizembe". Mgonjwa akisoma hivyo ataelewa kwamba uzembe ni wake, au wa daktari wake. Nikaandika "limfoma inayokua polepole".

Hapo ndipo nilipoanza kuona uzi unaoyafunga maneno haya. Nilikuwa nimetafuta tofauti zao kwenye kiwango cha kutulia: lipi limetulia zaidi, lipi kidogo. Hazikupatikana humo. Tofauti kubwa iko kwenye lawama. Baadhi ya maneno humhukumu asiyetenda: "lazy", "slothful", na "indolent" linapotumika kwa mtu. Mengine hueleza hali tu, bila kumlaumu yeyote: "inactive", "dormant", "inert". Na mengine hubadilika kulingana na jirani yake katika sentensi, nayo ndiyo ya kuogopwa. Kutafsiri neno lisilo na lawama kwa neno lenye lawama ni kumtungia mtu kosa ambalo mwandishi hakulitaja.

Sura ya ajira ilinithibitishia hilo kwa uchungu. Ilizungumzia watu ambao ni "unemployed" na watu ambao ni "economically inactive". Kwa takwimu za kazi, zinazofuata vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, hayo ni makundi mawili yasiyochanganyika. Wa kwanza hana kazi, yuko tayari kufanya kazi, na anaitafuta. Wa pili hana kazi na haitafuti, au hayuko tayari kuianza: mwanafunzi, mstaafu, mtu anayeuguza, mgonjwa, mama anayelea. Rasimu iliwaita hawa wa pili "watu wasiojishughulisha". Mama anayeamka kabla ya jua, anapika, anafua, anabeba maji, anamlisha mzee asiyeweza kujilisha, kisha kitabu kinamwambia hajishughulishi!

Kosa hili halikuwa la mfasiri peke yake. Kiingereza chenyewe kilikuwa na kasoro hapo. Mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi wa mwaka 2013 uliitambua: ulipanua maana ya kazi ikajumuisha kuzalisha bidhaa na kutoa huduma kwa matumizi ya nyumbani, hata bila malipo, na ukatumia maneno yenye maana ya "walio nje ya nguvukazi" kwa kundi lile la pili. Nilitumia hayo, "walio nje ya nguvukazi", hata pale kitabu kilipoandika "inactive". Kuna wahariri watakaosema nilivuka mipaka. Mimi naona nilifuata maana ambayo taaluma yenyewe imeisahihisha.

Sura ya mazoezi ilikuwa na mtego mwingine mdogo. "Physically inactive" na "sedentary" zilitafsiriwa sawa. Lakini "inactive" hapo ni mtu asiyefikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, ambacho kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa mtu mzima. "Sedentary", kutoka neno la Kilatini la kukaa, ni muda mtu anaoshinda ameketi au amejinyoosha akiwa macho. Mtu anaweza kukimbia kila asubuhi kisha akaketi kazini mpaka jioni. Huyo si "inactive", ila siku yake ni "sedentary". Ushauri anaopewa kila mmoja ni tofauti. Nikawatenganisha: asiyefanya mazoezi ya kutosha, na anayeketi muda mrefu.

Sasa "idle". Nililiweka mwisho katika orodha yangu kwa sababu kila nilipodhani nimelishika, liliponyoka. Mwanafunzi hufundishwa "idle" ni mvivu, basi. Lakini mashine husemwa "idle", nayo mashine haina tabia. Fedha husemwa "idle". Kitisho pia, na maneno, na udadisi. Nilipata mwanga nilipolifuata nyuma. Katika Kiingereza cha Kale "idel" ilikuwa na maana ya tupu. Tafsiri ya kitabu cha Mwanzo ya wakati ule, takriban miaka 1000 iliyopita, pale ambapo Biblia yetu inasema nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu, ilitumia neno hilo hilo. Nchi haikuwa mvivu. Ilikuwa haina kitu.

Ukianza na utupu, kila kitu kinakaa mahali pake. "Idle threat" ni kitisho kitupu. "Idle talk" ni maneno matupu. Katika Mathayo 12:36, tafsiri ya Kiingereza ya 1611 inataja kila "idle word" ambalo watu watalitolea hesabu, na Biblia ya Kiswahili imeandika "kila neno lisilo maana". Mashine "idle" ni iliyosimama bila kutumika. Siku "idle" ni siku isiyo na shughuli ndani yake. Na Kiswahili kina neno linalotembea njia karibu ile ile: bure. Kukaa bure, maneno ya bure, kuhangaika bure. Nilipoliona hilo nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingine yoyote katika kazi ile.

Na kwa mtu je? Hapa "idle" haisemi kama hana kazi kwa kutotaka au kwa kukosa. Inasema tu mikono mitupu. Ushahidi bora ninaoujua uko katika Mathayo 20, mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Anawakuta watu wamesimama, na katika ile tafsiri ya 1611 anawauliza kwa nini wanasimama pale kutwa "idle". Wanajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Wafasiri wa Kiswahili waliandika: "Mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi?" Bila kazi. Hawakuandika wavivu, na lau wangeandika, jibu la wale watu lingegeuka kuwa kisingizio. Nimewasomea vijana wanaojifunza tafsiri mistari hiyo miwili mara nyingi kuliko kanuni yoyote ya kitabuni.

Kwa hiyo ukikutana na "idle youth" kwenye ripoti, usikimbilie "vijana wavivu". Soma aya yote. Ikiwa mwandishi anazungumzia ukosefu wa ajira, ni vijana wasio na kazi. Ikiwa kweli anawalaumu, lawama itaonekana kwingine pia, kwenye vitenzi vyake na mapendekezo yake. Ikiwa haionekani, usiilete wewe. Na ukikuta "idling" kwenye maelezo ya gari, kumbuka kwamba injini hapo imewashwa na inaunguruma. Kilichosimama ni gari.

Sura ya dawa ilinipeleka kwenye "inert" na "inactive", ambazo hata wasomi huzichanganya. Kidonge huwa na kiambato kinachotibu na vingine vinavyokishika, kukipa umbo au ladha. Hivi vya pili huitwa "inactive ingredients". Vinaitwa hivyo kwa sababu havitibu. Si kwamba mwili hauvisikii. Laktosi, sukari ya maziwa, ni kimojawapo, na wapo watu ambao tumbo lao halipatani nayo. Ukiandika "viambato visivyo na athari yoyote" umempa mgonjwa ahadi ambayo kifungashio hakikuitoa. "Viambato visivyotibu" inatosha.

"Inert" ni zito zaidi: kitu ambacho asili yake ni kutoungana na vingine. Hata hivyo neno hilo liliwahi kuwaponza wanasayansi wenyewe. Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay waligundua gesi ndani ya hewa iliyokataa kuungana na chochote, wakaiita arigoni kutokana na "argos" la Kigiriki, asiye na kazi. Ni "argos" hilo hilo lililomo ndani ya "lethargic", likiwa limeunganishwa na neno la usahaulifu. Arigoni na wenzake wakapewa jina la gesi "inert", na kwa miongo kadhaa wengi waliamini kwamba haziungani kamwe. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, akatengeneza kampaundi yenye zenoni, mojawapo ya gesi hizo. Jina la "inert" likaachwa taratibu kwa kundi zima. Navutiwa na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha neno likiamua kwa niaba ya watu kwamba hakuna haja ya kujaribu.

"Dormant" na "latent" zote zinabeba kitu kinachoweza kuamka, ila kwa njia mbili. "Dormant" imetoka kwenye kulala. Kilicholala unakiona, unajua kipo, na unajua kiliwahi kuwa hai au kitakuwa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni volkano iliyolala. Mawenzi na Shira zimezimika, na jiolojia haizichanganyi hali hizo mbili. Mbegu ya mtende iliyofukuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, yenye umri wa takriban miaka 2000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota. Ilikuwa imelala, haikuwa imekufa. "Latent" nayo imetoka kwenye kujificha. Kifua kikuu cha namna hiyo kimo ndani ya mtu, lakini mtu haumwi, hakohoi kwa ajili yake, na hamwambukizi mwingine. Rasimu ilikiita "kifua kikuu kisicho hai". Msomaji angedhani vijidudu vimekufa na asingeona sababu ya kumeza dawa ya kujikinga. Tuliandika "kifua kikuu kilichojificha".

"Passive" sitakawia nalo, kwa sababu Kiswahili kinaliweza vizuri kuliko maneno mengine yote: ni kutendwa. "Passive" hasemwi asiyetenda tu. Husemwa anayepokea kitendo cha mwingine. Mtoto mchanga anayepata kinga kutoka kwa mama yake ana kinga ya kupewa, na asiyevuta sigara lakini anaishi na mvutaji anavutishwa moshi. Mnyambuliko wa kitenzi hufanya kazi yote.

Palipobaki pagumu ni kwenye sura ya uongozi wa vituo vya afya, iliyotumia "inactivity", "inaction" na "inertia" katika aya moja. "Inactivity" ni hali tu. "Inaction" ina wajibu nyuma yake: kulikuwa na hatua ya kuchukua na aliyepaswa hakuichukua. Hapo lawama ni halali na mfasiri asiipunguze. "Kutochukua hatua" ndiyo tafsiri, na mtendaji asifichwe kama mwandishi amemtaja. "Inertia" watu huiona kama uvivu wa taasisi, ila Newton katika kitabu chake cha 1687 alieleza kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia na kinachokwenda huendelea kwenda, mpaka nguvu nyingine ikigeuze. Yaani ni kutobadilika, si kutotenda. Ndiyo maana waganga huzungumza juu ya "clinical inertia" ya daktari ambaye anahudumia wagonjwa kutwa bila kupumzika, lakini anaendelea kumwandikia mgonjwa wa shinikizo la damu dozi ile ile ambayo haijashusha kipimo. Daktari huyo amechoka hoi; kumwita mzembe ni dhuluma. Niliandika "kuendelea na matibabu yale yale ingawa hayajafikia lengo", na mfasiri alipoisoma alisema ndivyo alivyotaka kuandika tangu mwanzo, ila faharasa ilimzuia.

Tulipomaliza, mimi na yeye tuliandika faharasa mpya. Haina safu mbili kama zile za kawaida. Kwa kila neno tuliandika maswali manne kabla ya tafsiri: anayesemwa ni mtu, mwili, au kitu? Angeweza kutenda? Alipaswa kutenda? Ataamka? Maneno ya Kiswahili yaliongezeka yenyewe tulipoanza kujibu: maji hutuama, biashara hudoda, mmea hudumaa, kiungo hupooza, mtu huzubaa au hubweteka, na "ajizi" ikarudi kwa yule anayejua la kufanya na anaahirisha. Kila moja lina mahali pake na halikubali kuazimwa ovyo.

Neno moja tulilikosea tafsiri mpaka siku ya kukabidhi: "listless", lililokuwa likielezea wagonjwa wenye upungufu wa damu. Wengi hudhani lina uhusiano na orodha. "List" hiyo ya zamani ilikuwa na maana ya kutamani, kwa hiyo ni mtu asiye na hamu ya kitu chochote. Tulijaribu "mnyonge", tukajaribu "mchovu", tukaona yote yanasema habari ya nguvu na kuiacha hamu. Mwishowe tuliandika "hana hamu wala nguvu ya kufanya jambo", tukamtumia mwandishi wa sura hiyo tafsiri yetu ikiwa imerudishwa kwa Kiingereza chepesi, tukamuuliza kama ndiyo aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Alijibu siku ile ile kwamba ndiyo, na akaomba tufanye vivyo hivyo kwa maneno mengine mawili.